Kuendesha redio ya ridhaa ukiwa mbali: anza na namna ya kuizima

Wengi huanza na sauti. Wakishasikia bendi wanaona kazi imekwisha, hadi siku intaneti inapokatika redio ikiwa hewani na hakuna mtu wa kuizima. Ndiyo maana hapa tunaanza na kuzima. Mfano ni redio ya Icom IC-7300 na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyo kando yake.

1. Kuzima. Kwenye menyu, weka Time-Out Timer (CI-V) iwe dakika 3: hukatisha urushaji ulioanzishwa kwa CI-V, yaani amri za kompyuta kwa redio. Kisha funga relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayokata umeme wa ukutani unaoingia kwenye pawa saplai, na iongozwe kwa njia isiyopitia Raspberry Pi, kwa mfano ujumbe wa simu. Usiifunge upande wa volti 13.8: redio ikirusha wati 100 huvuta hadi ampea 21, na relei ndogo hugandana ndani isiachie tena.

2. Kebo. Kebo moja ya USB hubeba amri na sauti. Kabla ya kuichomeka, weka USB SEND iwe OFF. Ukiiacha kwenye DTR au RTS (ishara za poti ya kompyuta), programu ikifungua tu poti, redio inaanza kurusha yenyewe. Weka pia DATA OFF MOD (chanzo cha sauti ya kurusha) iwe USB, la sivyo utarusha kimya kitupu. Zungusha kebo mara 5 hadi 7 kwenye pete ya feraiti ya aina ya 31, karibu na redio. Kama kwa wati 10 kila kitu ni sawa lakini kwa wati 100 USB inapotea, mawimbi yako yenyewe yanarudi kupitia kebo hiyo.

3. Njia ya siri. Sakinisha WireGuard (programu ya VPN) kwenye Raspberry Pi na kwenye kompyuta yako ya mbali, poti ya UDP 51820, na uandike `PersistentKeepalive = 25`, ili ujumbe mdogo utumwe kila sekunde 25 na njia isifungwe. Kama kampuni ya intaneti haikupi anwani yako ya umma, kufungua poti kwenye ruta hakusaidii. Kodi seva ndogo, pande zote mbili zikutane huko.

4. Amri. Kwenye Raspberry Pi, sakinisha `libhamlib-utils`, kisha endesha rigctld, programu inayopitisha amri zako kwa redio:

`rigctld -m 3073 -r /dev/serial/by-id/JINA -s 19200 -T 10.0.0.1`

Badala ya JINA, weka jina refu la redio lililo kwenye folda ya by-id, kwani ttyUSB0 leo inaweza kuwa ttyUSB1 kesho. Hiyo `-T` ni anwani ya WireGuard ya Raspberry Pi. Usiiache, maana rigctld haiulizi nywila.

5. Sauti. Mumble, programu ya kuongea kwa sauti mtandaoni, inatosha. Zima kipengele cha kuondoa kelele: huiona Morse kuwa kelele na kuifuta. Upande wa redio, sauti itumwe mfululizo, isisubiri mtu aongee, la sivyo vituo dhaifu havitakufikia.

6. Jaribio. Funga mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu ya redio bila kuirusha hewani) badala ya antena. Ukiwa mbali, iamuru redio ianze kurusha:

`rigctl -m 2 -r 10.0.0.1:4532 T 1`

Redio ikianza kurusha, mtu aliye karibu nayo achomoe waya wa ruta na kuangalia saa. Dakika 3 zikipita na taa ya kurusha bado inawaka, antena isiunganishwe.