Mwanafunzi akikuambia: hatua za mwalimu tangu saa ya kwanza

Nafundisha shule ya msingi kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, na mimi ndiye mwalimu wa malezi na unasihi shuleni kwetu. Nawaandikia walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi kuhusu siku ile mtoto anapokuja kukuambia kuwa mtu mzima amemfanyia jambo baya: mwalimu, mlinzi, bodaboda anayemleta shule, yeyote. Kesi nyingi nilizoziona zikifa hazikufika hata mahakamani. Zilifia siku mbili tatu za mwanzo, mikononi mwetu.

Hatua ya 1: Msikilize, usimhoji

Mtoto haji na neno "ukatili". Anabaki nyuma kengele ikishalia, anafuta ubao usio na maandishi. Msichana mmoja wa darasa la sita alinijia na ndoo tupu. "Mwalimu, leo nisiende kuchota maji." Nikamwuliza kuna nini. Akauzungusha mpini wa ndoo mpaka ukachomoka upande mmoja, akawa anahangaika kuurudisha. Nilinyamaza. Maji yale yalikuwa ya nyumbani kwa mtu mzima mmoja wa pale shuleni, na ilichukua muda mrefu kabla hajasema lililobaki.

Kaeni mahali mnapoonekana ila hamsikiki. Chini ya mwembe ni bora kuliko ofisi iliyofungwa mlango. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Kosa si lako." Kisha uliza "Ilikuwaje?" na "Halafu?", basi. Ukiuliza "Alikushika hapa?" umeshamtilia jibu mdomoni, na wakili wa mtuhumiwa atalitumia.

Usimwahidi siri, maana hutaweza kuitunza. Mwambie kuna watu wachache lazima wajue ili asiumizwe tena, na kwamba utamtajia ni akina nani kabla hujaenda kwao.

Hatua ya 2: Andika siku hiyohiyo

Andika maneno yake, si yako. Akitumia neno la Kimakonde au Kimwera, liandike hivyohivyo. Weka tarehe, saa, mahali, na nani alikuwa karibu. Usimwite tena arudie mbele ya walimu au kamati ya shule. Nimewahi kuona mtoto akisimamishwa mbele ya watu wazima saba aeleze. Alitazama miguu yake na hakusema tena, hata polisi.

Hatua ya 3: Hospitali kwanza

Kama kuna dalili kwamba amebakwa au amelawitiwa, apelekwe siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge, nguo zisifuliwe. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni inatunza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya polisi ya PF3 mtaipata kituoni, lakini polisi wakiwa mbali matibabu yaanze, fomu ifuate.

Hatua ya 4: Taarifa itoke nje ya geti la shule

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwenye serikali yake ya mtaa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au kata, afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ni ya bure. Mkuu wa shule aambiwe, ila huhitaji ruhusa yake. Na kama ndiye anayetajwa, mpite. Mtuhumiwa asiambiwe lolote na ninyi. Akiwa mwalimu, msikubali yaishie kwenye uhamisho: huko aendako kuna watoto pia.

Hatua ya 5: Mfuate mjomba kabla hajakufuata

Hapa ndipo tunaposhindwa zaidi. Kusini huku, katika koo nyingi za Wamakonde, Wamwera na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye msemaji. Msimu wa korosho ukifika, fedha za mnada zikiingia, utasikia: "Mwalimu, sisi tumeshakaa. Yaishe." Katika shule niliyofundisha zamani, familia ililipwa, binti akapelekwa mbali kwa ndugu, kesi ikakosa shahidi. Nilijua kikao kinafanyika nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikajiambia ni mambo ya ukoo. Najuta mpaka leo.

Sasa naenda mapema, pamoja na mtendaji au afisa ustawi. Nampa mzee shikamoo yake, naketi, namweleza kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri, ukoo hauna mamlaka ya kuisamehe. Kumbaka mtoto wa chini ya miaka 18 kifungo chake hakipungui miaka 30. Akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Halafu namsikiliza. Mara nyingi si mtu mbaya. Anaogopa aibu ya mwali wake, anawaza nauli za kwenda na kurudi mahakamani. Nauli tunaipanga palepale, siku kwa siku.

Zungumza na makungwi pia kabla ya likizo za unyago. Wanasikia mengi kabla yetu.

Hatua ya 6: Ziba mianya

Hakuna mtoto kuchota maji wala kupeleka madaftari nyumbani kwa mwalimu. Twisheni iwe darasani, madirisha wazi. Kambi ya darasa la saba isianze bila matroni anayelala hapohapo.

Hatua ya 7: Usimwache kabla ya mahakama

Mtoto wa miaka 14 au chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi kusema ukweli. Mweleze hilo mapema, na kwamba atasikilizwa faragha. Yule wa ndoo tulimpeleka na afisa ustawi siku moja kabla, chumba kikiwa kitupu. Akakaa kwenye benchi, akauliza yule mtu atasimama wapi. Nikamwonyesha. Akahamia upande wa pili, akaniuliza kama kesho anaweza kukaa hapo.