Kabla hujaiacha baiskeli kituoni: kwa wanaopanda daladala na boti

Unguja hatuna treni. Ile reli ya Bububu ya zama za Waingereza ilishang'olewa zamani, na sisi tunaokaa mbali na barabara ya lami tuna mtindo wetu: baiskeli kutoka nyumbani hadi kituoni, halafu daladala ya kuingia mjini. Wengine huja na baiskeli mpaka Malindi wakapanda boti ya Dar. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mwezi wa Juni 2024, wapo pia wanaounganisha boti na treni, na baiskeli ikabaki Malindi siku mbili tatu. Kwa hiyo haya yanamhusu mtu wa Kinyasini anayekuja kazini mjini kila siku, yanamhusu anayekwenda kuchukua bidhaa Kariakoo, na mwenzetu wa Pemba anayeiacha baiskeli Mkoani naye yamo humu.

Tuanze na kufuli. Baiskeli nyingi za mitumba kutoka Japani zinakuja na kufuli ya duara iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Ile kazi yake ni kuzuia gurudumu lisizunguke, basi. Mwizi hana haja ya kuipanda. Ataibeba begani au ataitupa nyuma ya kirikuu, na huko aendako atakuwa na wasaa wa kuivunja. Ifunge, lakini nunua na mnyororo. Tena usinunue ule waya uliovikwa plastiki ya rangi, maana hukatwa kwa plaizi kabla kondakta hajamaliza kuita abiria. Taka mnyororo wa pingili nene na kufuli nzito, na uupitishe ndani ya fremu na gurudumu kwa pamoja. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, nati mbili tu ndizo zinazomtenganisha mwizi na fremu yako.

Mnyororo usilale chini. Ukigusa sakafu, mtu ataulaza juu ya jiwe aupige nyundo. Uzungushe juu, uwe umekaza, na tundu la ufunguo liangalie chini ili mvua za masika zisiingie. Chumvi ya bahari nayo ni adui wa kufuli. Anayeiacha baiskeli Malindi au Mkoani atie tone la mafuta ya cherehani mara kwa mara, la sivyo itafika siku ufunguo utavunjikia ndani.

Halafu angalia unafunga kwenye nini. Itikise nguzo kwa mikono miwili kabla hujaiamini. Mabomba mengine yamesimikwa kwenye mchanga tu, na nguzo fupi isiyo na kitu juu inakuruhusu kuupandisha mnyororo mzima mzima ukautoa. Boriti za mabanda ni mti, na mti una msumeno wake. Nondo za dirisha la duka ni nzuri, ukimwomba mwenye duka kwanza. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe usifunge kwenye nguzo za baraza za watu wala milango ya kuchonga: utaharibu vitu vya thamani, na utawazibia njia wenye vespa na wagonjwa wanaopitishwa pale. Malindi usiiweke mahali wanapogeuzia mikokoteni. Hamali aliyebeba magunia haoni spoki zako.

Taa, pampu na kengele ya kuchomoa, ondoka navyo. Tandiko likiwa na kile kibano cha kufungua kwa mkono, mpe fundi akutilie nati.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wengi hawalifikirii, nalo ndilo lililonifanya niandike. Baiskeli ya msafiri hukaa mahali pamoja kutwa nzima, siku baada ya siku. Mwizi hana haja ya kubahatisha, anakusoma. Anajua unapanda gari ya saa ngapi, anajua hutarudi kabla ya alasiri. Kwa hiyo kufuli peke yake ni kumpa mtu kazi na muda wa kuifanya. Unachohitaji ni mtu, na huyo mtu umchague kwa saa zake. Muuza chai yupo kuanzia alfajiri, vizuri, lakini mwezi wa Ramadhani mchana hayupo. Mwenye duka la vipuri yupo kutwa, lakini Ijumaa mchana anafunga anakwenda msikitini. Wakati wa futari barabara nzima inakuwa tupu, kila mtu yuko kwenye mkeka na watoto wake, na wezi wanalijua hilo kuliko sisi. Muulize mlinzi wako saa zote hizo yuko wapi. Asikasirike, na wewe usione haya.

Jirani yangu ni mshoni, mtu wa nguo za harusi. Akiishiwa na vitambaa huvuka na boti ya asubuhi, akazunguka Kariakoo, akarudi jioni. Baiskeli alikuwa akiiacha Malindi, mbele ya banda la mzee mmoja anayeuza kahawa na kashata. Walikuwa watu wa siku nyingi; mzee akimwita mwanangu, naye akimwita babu. Kufuli yake ilikuwa ya maana hasa. Mnyororo wa kufungia pikipiki, umezungushwa kwenye nguzo ya chuma, umepita kwenye fremu, umeshika magurudumu yote mawili. Sisi sote mtaani tulikuwa tukiisifu.

Ilikuwa miezi ya kusi, na unajua bahari yetu inavyokuwa kuanzia Juni hadi Agosti. Siku hiyo upepo ulizidi, boti ya jioni ikaahirishwa, abiria wakaambiwa warudi kesho. Yeye akaenda kulala kwa nduguye Temeke, wala hakuwa na wasiwasi. Huku Malindi mzee alikaa mpaka baada ya Isha akijua mwanawe atatokea. Hakutokea. Mzee akataka kuitia baiskeli ndani ya banda, na nafasi ilikuwapo, pale anapoweka magunia ya mkaa. Akaishika, akaivuta, haiendi. Kampigie simu basi, namba hana! Miaka yote wanaonana uso kwa uso, nani angekumbuka kuulizana namba? Akaifunika kwa gunia, akafunga banda, akaenda kwake. Aliyekuja usiku alikuwa na saa nyingi na kiza cha kumtosha. Asubuhi mzee alikuta nguzo, gunia na pingili moja iliyokatwa.

Jirani alipofika adhuhuri na furushi la vitambaa, mzee alimwambia, "Mwanangu, ningeitia ndani. Lakini ufunguo ulivuka nao."

Mzee hakukosa chochote. Hata hivyo mpaka leo hapokei tena baiskeli ya mtu, na wote waliokuwa wakiiacha baiskeli pale imebidi watafute pengine.

Basi fanya hivi. Baiskeli yako iwe na vifungo viwili vyenye funguo mbalimbali. Ufunguo wa ziada wa mnyororo mwachie mlinzi. Ufunguo wa ile kufuli ya gurudumu la nyuma baki nao mfukoni. Hapo mlinzi ataweza kuifungua kwenye nguzo, akanyanyua nyuma na kuiingiza ndani, lakini hakuna atakayeweza kuipanda, si mwanawe wala rafiki wa mwanawe. Mpe namba yako ya simu kwa karatasi, uchukue na yake. Muulize maneno matatu: unafunga saa ngapi, ukiondoka anabaki nani, na mimi nisiporudi leo utaiweka wapi? Asiyekuwa na jibu la hilo la tatu si mlinzi, ni mtu aliyeko karibu na baiskeli yako tu. Na ukijua kwamba utalala ng'ambo, au Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, usiifunge nje hata kidogo. Iingize ndani kabla hujapanda boti.

Malipo mkubaliane mapema na uyatoe bila kukumbushwa. Akikataa pesa, kama wanavyokataa wazee wengi, mpelekee sukari Ramadhani inapokaribia.

Tuje kwenye ushahidi. Jirani alipokwenda kutoa taarifa aliulizwa baiskeli ikoje. Akasema: nyeusi, ya Kijapani, ina kikapu mbele. Toka nje usimame Darajani nusu saa uhesabu zilizopita za namna hiyo! Hakuwa na namba, hakuwa na picha, wala risiti ya aliyemuuzia. Hata angeiona kwa macho yake kwa fundi, asingekuwa na la kusema. Leo jioni ipindue baiskeli yako, magurudumu juu, upanguse matope chini ya ekseli ya pedali. Baiskeli nyingi zina namba iliyogongwa pale. Usipoiona, tazama kwenye bomba la tandiko au karibu na shingo ya usukani. Ipige picha, kisha ipige picha baiskeli nzima kwa ubavu, na moja ukiwa umesimama nayo wewe mwenyewe. Zitume kwa mtu wa nyumbani pia, kwa sababu simu nazo huibiwa.

Kuna na hii ya mafundi: chomoa tandiko, andika jina lako na namba ya simu kwenye karatasi, izungushie mfuko wa plastiki, itie ndani ya bomba, urudishe tandiko. Mwizi atabadilisha rangi, atabadilisha kikapu na madigadi, lakini wachache wanaokumbuka kutazama mle. Unaponunua ya mtumba, dai karatasi yenye jina la muuzaji na namba ya fremu. Akisitasita, mwachie baiskeli yake. Huenda ni ya mtu aliyekuwa amevuka bahari kama jirani yangu.

Ikiibiwa, usingoje kesho. Nenda polisi, mwambie na sheha wa pale ilipoibiwa na wa unapokaa, kisha wapitie mafundi wa baiskeli mmoja mmoja na picha yako mkononi. Mafundi ndio wanaoziona kwanza. Usimkamate mtu wala usimpigie kelele ya mwizi. Ukiiona, mwite polisi umwonyeshe namba ya fremu.

Mengine ni ya kawaida. Usiache pochi wala mzigo kwenye kikapu hata kama unakwenda kununua vocha tu. Usiweke baiskeli mahali magari yanapogeuza kinyumenyume. Funika tandiko mvua ikikaribia. Usimwambie kila mtu kituoni kwamba unasafiri wiki nzima. Kijana asiyejulikana akikusifia mnyororo wako na kuuliza umenunua wapi, badilisha mahali pa kuweka kwa siku chache. Na ukirudi jioni ukakuta gurudumu halina upepo wakati asubuhi lilikuwa zima, usiiache hapo ukangoja fundi wa kesho. Wengine hutoa upepo makusudi ili ulaze baiskeli kituoni. Isukume mpaka nyumbani, au ilale ndani kwa mlinzi wako.