Kabla hujamchoma ng'ombe OTC

Ingia duka la dawa za mifugo useme ng'ombe wako hali tangu jana, na mara nyingi utatoka na chupa ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20, dawa ya bakteria, ile tunayoiita OTC. Dawa yenyewe haina ubaya. Makosa mengi huwa yameshafanyika kabla sindano haijagusa ngozi.

Kwanza pima joto. Ng'ombe mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Ukikuta 40 au 41, na tezi la chini ya sikio limevimba, shuku ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Hapo OTC peke yake haitamponya, maana kinachomuua si bakteria, ni vimelea vya aina nyingine. Dawa yake ni buparvakwoni, na kila siku unayochelewa inamgharimu. Huenda mkanganyiko umetokana na chanjo ya ndigana kali, ambayo ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na OTC ya kupunguza makali yao. Hiyo ni kinga, si tiba. Ndigana baridi na maji moyo, magonjwa mengine ya kupe, ndizo zinazosikia OTC. Mkojo ukiwa mwekundu, dawa ni nyingine kabisa. Kama afisa mifugo yuko karibu, achukue damu na majimaji ya tezi kabla hujachoma chochote.

Kisha uzito, na hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Lebo nyingi za OTC ya asilimia 20 husema mililita 1 kwa kila kilo 10, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 25. Nimekuta zizi ambalo kila mnyama hupewa 10, awe mtamba au dume la kulimia, kwa sababu bomba la sindano linaishia hapo! Dozi pungufu huzuia bakteria wanyonge na kuwaachia uwanja wenye nguvu, nao ndio watakaozaana. Nunua utepe wa kupimia uzito, uuzungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Macho hudanganya, hasa ya mwenye ng'ombe.

Mililita 25 hazikai mahali pamoja. Zigawe sehemu tatu, ndani ya msuli wa shingo. Pajani kuna mshipa wa fahamu, na ndiyo nyama ambayo mchinjaji hataki kuikuta na jipu. Kuchoma kwenye mshipa wa damu mwachie daktari: dawa hii hukamata kalisi (madini ya kalsiamu), na ikiingia kwa kasi ng'ombe anaweza kuanguka papo hapo. Usimnyweshe mdomoni pia. Tumbo lake la kwanza limejaa bakteria wanaomsagia majani, nao OTC haiwabagui.

Usiongeze penisilini "kwa nguvu zaidi". Penisilini huua bakteria anapojenga ukuta wake, OTC humsimamisha asikue, na asiyekua hajengi. Unalipia dawa mbili, moja inaizuia nyingine.

La maziwa lipangwe kabla ya sindano. Soma kwenye lebo siku za kusubiri: za maziwa, kisha za nyama, ambazo huwa nyingi zaidi. Kama una ng'ombe mmoja anayekamuliwa, jiulize mtakula nini na ada italipwa na nini siku hizo, kwa sababu njaa ndiyo huwafanya watu wapeleke maziwa yenye dawa kwenye kituo cha kukusanyia kimyakimya. Kuchemsha hakuondoi dawa. Mama anayegandisha mtindi ndiye hugundua mapema: maziwa yanakataa kuganda, kwani bakteria wa kugandisha nao wamezuiwa. Usimpe ndama maziwa hayo pia, utakuwa unamfuga pamoja na bakteria sugu kwa dawa.

Andika daftarini tarehe, namba ya hereni, dozi, na siku maziwa yatakaporuhusiwa tena. Halafu mfunge kamba nyekundu mguu wa nyuma, kwa sababu anayekamua jioni huenda siye aliyeshika sindano asubuhi.