Somo: Kuchonga silinda hedi ya pikipiki ili kompresheni ipande

Hapa Mbeya tupo karibu mita 1,700 juu ya bahari, na msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam. Ndiyo maana pikipiki iliyobeba mbolea mifuko miwili inahema ikipanda Isyonje. Wengi wanakimbilia kuchonga hedi, yaani kukata uso wa mfuniko wa silinda ili chemba ya kuchomea mafuta ipungue na hewa ibanwe zaidi. Sawa, ila pima kwanza.

Anza na ringi. Pima presha kwenye tundu la plagi, mimina kijiko cha oili, pima tena. Ikipanda sana, ringi au silinda imekwisha, na hedi haina kosa. Hela peleka huko.

Ringi zikiwa nzima, fungua hedi, toa masizi, acha valvu na plagi mahali pake. Igeuze chemba iangalie juu, paka grisi ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki ngumu chenye tundu, kisha jaza oili kwa bomba la sindano ukihesabu cc. Ongeza nafasi ya gasketi. Usipoijua namba hii unabahatisha.

Mfano, injini ya 125: pistoni ya mm 56.5, mwendo mm 49.5, ujazo cc 124. Uwiano wa kompresheni wa 9 kwa 1 (hewa inabanwa hadi sehemu moja ya tisa) maana yake pistoni ikifika juu kabisa, juu yake inabaki cc 15.5. Ukikata nusu milimita, na chemba iwe na upana sawa na silinda, inaondoka cc 1.25, uwiano unafika 9.7.

Mkerezaji akate kwa mashine, kidogo kidogo. Msasa juu ya kioo ni wa kusawazisha tu.

Kisha bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi kwa gasketi ya zamani, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili. Ikigoma usilazimishe. Fungua, kata udongo, pima unene pale valvu ilipobonyeza: ikibakiza chini ya mm 1.5, acha. Ikiwa salama, weka gasketi mpya, kaza kwa msalaba, seti tapeti (ile nafasi ndogo juu ya valvu). Injini za fito, ambazo valvu zinasukumwa na fito ndefu toka chini, nafasi ya tapeti hupungua hedi ikishuka.

Swali (Tukuyu): Mkuu, yangu ina mnyororo wa taimingi. Haitavurugika?
Tenshona (kikaza mnyororo) itavuta ulegevu, kamu (shafti inayofungua valvu) itachelewa nyuzi chache. Kwa nusu milimita inavumilika.

Swali (Kyela): Fundi, mimi nashuka na kupanda kila wiki.
Kyela ni kama mita 500, hewa imeshiba na joto kali. Hedi iliyochongwa kwa ajili ya Mbeya inaweza kugonga huko (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) ukivuta mafuta na mzigo. Usiguse.

Swali (Uyole): Nguvu inaongezeka kiasi gani, kaka?
Kwa hesabu, kutoka 9 hadi 9.7 ni kama asilimia 2. Sproketi ya mbele ukiitoa meno 15 ukaweka 14, mvuto kwenye tairi unaongezeka asilimia 7, ila spidi inapungua. Yangu ya kubebea mbolea sijaichonga, nilibadilisha sproketi.