Jinsi ya Kuomba Protini ya APOE ya Binadamu kwa Utafiti wa Maabara Nchini Kenya

Kabla ya kufungua fomu yoyote, amua unaingiza nini nchini: protini iliyokwisha kutengenezwa, imekaushwa ndani ya kichupa, au bakteria hai waliobeba plasmidi (kiduara kidogo cha DNA) ya kuitengeneza. Wanafunzi wengi huanzia kwenye bei, kisha wakagundua fedha zikiwa zimeshatoka kwamba njia hizi mbili hupitia ofisi tofauti. Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa bayolojia ambao Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuitia saini Mei 2000, inahesabu kuwa hai kile kinachoweza kuhamisha au kuzalisha vinasaba. APOE iliyosafishwa haiwezi. Bakteria E. coli aliyepandikizwa jeni ya APOE anaweza, na Sheria ya Usalama wa Bayolojia ya 2009 inamgusa moja kwa moja.

Kwa njia zote mbili, kaa kwanza na msimamizi wako muandike maelezo ya bidhaa, ukurasa mmoja tu. Hapa usiwe na haraka. APOE, inayobeba kolesteroli na mafuta mengine katika damu na ubongo, ina sura tatu kuu, zinazotofautiana kwa asidi amino (matofali ya protini) katika nafasi mbili. E3 ina sisteini nafasi ya 112 na arginini nafasi ya 158. E4 ina arginini kote kuwili. E2 ina sisteini kote kuwili. Hesabu hiyo ni ya protini iliyokomaa, yenye asidi amino 299. Baadhi ya hifadhidata huhesabu pamoja na kipande cha mwanzo chenye asidi amino 18, kwa hiyo nafasi zilezile husomeka 130 na 176. Taja unatumia hesabu ipi. Nimemwona mwanafunzi akisubiri mzigo kwa miezi kadhaa, kumbe aliagiza E3 badala ya E4, na bado inaniuma.

Andika pia ilikotengenezewa. Iliyotoka kwa E. coli haina sukari ambazo seli za binadamu huibandikia, na inaweza kuja na endotoksini, yaani sumu ya ukuta wa bakteria. Kama utaiweka kwenye makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu na uchafu) kupima jinsi zinavyotoa kolesteroli, dai kiwango cha endotoksini kwa maandishi, maana seli hizo huitikia hata chembe ndogo na matokeo yako yatakuwa ya sumu hiyo, si ya APOE.

Ukichagua protini, hakikisha leseni yako ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, haijaisha muda. Omba ankara ya awali kutoka kwa muuzaji, ikiwa na maneno kwamba bidhaa ni ya utafiti wa maabara pekee, haina kiumbe hai wala si dawa ya kutibu. Ipeleke kwa wakala wa forodha pamoja na barua ya idara. Yeye ndiye atakayejaza tamko la uagizaji kwenye mfumo wa KenTrade, wakala wa serikali wa nyaraka za biashara mtandaoni. Waandikie Bodi ya Dawa na Sumu mapema kuuliza kama mzigo huo unahitaji kibali chao, na uhifadhi jibu. Ikiwa unasafirishwa kwa barafu kavu, lazima kifurushi kiandikwe UN1845, namba ya kimataifa ya barafu kavu, na wewe upange mzigo usifike Ijumaa jioni.

Njia ya plasmidi ni ndefu zaidi, lakini ndiyo ningemshauri mtu mwenye miaka miwili au mitatu ya kazi mbele yake, kwa sababu ukishakuwa na bakteria hao utatengeneza protini kila unapoihitaji. Addgene, hifadhi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004, hugawa plasmidi kwa vyuo na taasisi za utafiti. Fungua akaunti chini ya jina la mtafiti mkuu wa maabara. Mkataba wa kukabidhiwa plasmidi hausainiwi na mwanafunzi, hata akiwa ndiye atakayefanya kazi yote. Hutiwa saini na afisa aliyeidhinishwa na chuo. Mtafute afisa huyo siku hiyohiyo ya kwanza.

Huku mkataba ukisubiri saini, peleka mradi kwa kamati ya usalama wa bayolojia ya chuo chako. Eleza aina ya bakteria, plasmidi, jeni, chumba cha kazi na namna utakavyoua vijidudu vya taka kwa otoklevu, yaani mashine ya mvuke wa shinikizo. Baada ya hapo ombi la matumizi ndani ya maabara liende kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Bayolojia, chini ya Kanuni za 2011. Usiruhusu mzigo uondoke Marekani kabla idhini haijatoka.

Bakteria hufika kwenye kijichupa cha agari (jeli ya kuwalisha) bila barafu. Wapande kwenye sahani siku hiyohiyo, chagua koloni moja, soma mfuatano wa jeni kuthibitisha nafasi zile mbili, kisha uhifadhi akiba kwenye gliseroli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Protini nayo igawe katika vichupa vidogo mara tu unapoiyeyusha, ili usiigandishe na kuiyeyusha tena na tena.