Mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kuifungua Mustang yako hapa Tanga

Kwanza jua gari ulilonalo. Ford Mustang za kuanzia toleo la 2015 ndizo za kwanza kutoka kiwandani zikiwa na usukani wa kulia. Dodge Challenger na Chevrolet Camaro za miaka hiyo, Wamarekani wenzake, hazikutengenezwa hivyo. Ukiona mojawapo ya hizo mbili yenye usukani wa kulia, ujue imegeuzwa baadaye, na kazi yako ya kwanza ni kulala chini yake ukague shafti ya usukani, viungo vyake, na njia ambayo mabomba ya breki yamepitishwa. Hayo yakaguliwe kabla hujawaza kuongeza nguvu. Yanayofuata yanahusu zaidi Mustang ya 2015 hadi 2023, ya V8 (silinda nane) ya lita 5.0 na ya silinda nne ya lita 2.3 yenye tabo, yaani pampu ya kusukumia hewa kwenye injini.

Bima: mjulishe wakala kwa maandishi kila unachobadilisha. Rangi au injini ikibadilika, kadi ya gari nayo ibadilishwe.

Mahali pa kazi pawe zege. Kama uwanja wako ni mchanga, weka chini ya jeki na chini ya kila stendi ubao mgumu wa unene wa sentimita 2 au zaidi, mpana kuliko kitako cha stendi kwa kila upande. Stendi ikizama upande mmoja, gari linaondoka juu yake polepole na wewe huoni. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Hakuna mtu wa kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki, hata kwa kuokota spana iliyoanguka.

Nati za rimu ziangalie leo, usisubiri pancha. Zile za asili zina kofia ya bati linalong'aa iliyobanwa juu ya chuma. Hewa ya bahari ikiingia katikati, chuma kinaota kutu na kofia inavimba, na soketi ya milimita 21 haiingii tena. Hapo ndipo mtu anapigilia ya 22 kwa nyundo kando ya barabara pale Pongwe, usiku, na kofia inachubuka. Nunua seti ya nati za chuma kimoja, zisizo na kofia, za M14 x 1.5, zenye kichwa cha umbo lile lile. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi Nm 204, kwa mpangilio wa nyota, kisha zikague tena kabla hujamaliza km 160. Na kwa kuwa nyingi ya gari hizi huja na pampu na gundi ya kuzibia badala ya tairi la akiba, tafuta tairi la akiba.

Chumvi ndiyo mwenzako wa kudumu ukiishi Raskazone, Chumbageni au popote upepo wa bahari unapofika. Boneti na mabawa ya mbele ya Mustang hii ni alumini. Watu husikia alumini haishiki kutu, wakaridhika. Inaoza kwa namna yake: rangi inaanza kuvimba vipele kwenye ukingo wa mbele wa boneti, na ndani yake kuna unga mweupe. Mbaya zaidi ni boliti ya chuma cha kawaida ikigusa alumini penye maji ya chumvi, kwa sababu alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo usifunge bampa, taa wala urembo wa boneti kwa skrubu za dukani za bei ndogo. Tumia zilizopakwa kinga, weka washa ya plastiki katikati, na kila tundu unalotoboa lipake rangi ya msingi siku hiyo hiyo. Osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, hasa kwenye matao ya magurudumu. Waya za ethi, yaani za upande hasi, zinazoshika kwenye bodi zifungue mara moja kwa mwaka, sugua hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi. Taa nyingi za ajabu kwenye dashibodi ya gari la pwani zinaanzia hapo, na fundi asiyejua atakuuzia sensa tatu kabla hajaigusa ethi.

Oili ni rahisi lakini usikisie. V8 ya 2015 hadi 2017 inachukua lita 7.6, ya 2018 na kuendelea lita 9.5, na ile ya tabo lita 5.4. Uzito wa oili umeandikwa kwenye kifuniko cha kujazia, fuata hicho. Nunua ya kutosha kabla hujafungua nati ya kumwagia. Mtu aliyezoea gari la lita nne hufika dukani na galoni moja.

Rejeta: usiweke maji ya kisima. Ya huku mengi yana chumvi. Changanya kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri, na hakikisha hawakukupa asidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Badilisha yote kila miaka miwili, uweke ya daraja la DOT 4, na chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita usiitumie. Usukani wa gari hili ni wa umeme. Hauna oili, kwa hiyo anayetaka kukuongezea oili ya usukani mwambie aache.

Sasa tuni, yaani programu mpya ya kompyuta ya injini. Hapa soma polepole, kwa sababu ndiko injini zinakofia.

Programu nyingi zinazouzwa mtandaoni hutengenezwa Marekani, na faili huja na namba ya oktani ya petroli inayotakiwa: 87, 91, 93. Mwenye gari anaona 93, anauliza kituoni, anaambiwa petroli ni 93 au 95, anaridhika na kuipakia. Namba hizo si za kipimo kimoja. Wamarekani huandika AKI, ambayo ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Huku kwetu hutajwa RON peke yake, na RON huwa juu. Kwa hiyo 87 yao ni takribani 91 ya huku, 91 yao ni takribani 95, na 93 yao inakaribia 98. Uliyeweka petroli ya RON 93 kwenye faili la AKI 93 umepungukiwa pointi tano nzima, na bado unaamini umelinganisha sawasawa.

Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo na joto bila kujilipukia kabla ya wakati. V8 hii inagandamiza 11 kwa 1 hadi mwaka 2017, na 12 kwa 1 kuanzia 2018. Ile ya tabo inasukumiwa hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Programu ya nguvu hurusha cheche ya plagi mapema zaidi. Petroli ikishindwa kuvumilia, sehemu yake inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo injini inagonga: mlio kama kokoto kwenye kopo, hasa ukikanyaga mafuta kwenye gia kubwa huku mzunguko uko chini. Kompyuta ina sensa za kusikia kugonga huko na hurudisha cheche nyuma, yaani huichelewesha, lakini zina kikomo, na baadhi ya programu hupunguza usikivu wake ili gari lionekane lina nguvu. Ongeza joto la Februari na foleni ya jua kali. Kwanza gari linakuwa zito kidogo mchana na jepesi usiku. Baadaye linaanza kula oili. Ukifungua plagi unakuta vidoadoa vidogo vya alumini kwenye kauri nyeupe. Hiyo ni pistoni yako. Kisha kingo zinazoshika ringi zinakatika, moshi wa bluu unatoka, na injini hiyo huwezi kusubiri itengenezwe gereji ya Ngamiani, kwa sababu spea zake zinaagizwa kutoka nje.

Basi fanya hivi. Mwandikie mtengeneza programu, umtajie RON ya petroli unayopata, kwa herufi hizo, na uombe faili la AKI 91 kama una uhakika wa 95, au la 87 kama huna uhakika. Nguvu utakayokosa ni ndogo kuliko bei ya pistoni nane. Nunua kifaa kipya cha kupakia programu: cha mtumba mara nyingi kimefungwa kwenye namba ya chasisi ya gari jingine. Hifadhi programu ya asili sehemu mbili tofauti kabla ya kuandika mpya. Wakati wa kuandika, unga chaja kwenye betri iliyojaa, zima AC, redio na taa, na usiguse mlango. Umeme wa betri ukishuka katikati, kompyuta inaweza kubaki bubu. Baada ya hapo soma takwimu za sensa. Marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli, yakizidi asilimia 10 juu au chini, kuna hewa inayovuja au sensa ya hewa imechafuka, mara nyingi kwa filta ya kuoshwa iliyopakwa oili nyingi mno. Cheche ikirudishwa nyuma kila ukikanyaga, rudisha programu ya asili siku hiyo. Jaza mafuta kwenye kituo kimoja chenye wateja wengi na utunze risiti; petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inashusha oktani bila rangi wala harufu kukutahadharisha vya kutosha.

Springi fupi: gari lina takribani sentimita 14 tu toka ardhini, na matuta ya kuanzia Muheza hadi mjini unayajua. Ukiamua, shokapu za mbele zifunguliwe kwa kifaa cha kubana springi kilicho kizima, boliti zinazotajwa kuwa za kutumika mara moja tu zibadilishwe, na boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukikaza magurudumu yakining'inia, bushi inabaki imejipinda na kuchanika ndani ya miezi. Kisha alaimenti.

Eksozi ya nyuma tu haihitaji programu. Boliti zake zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, na injini iwe baridi. Ukitoa kichujio cha moshi, taa ya cheki injini itawaka.

Toa waya hasi wa betri kabla ya kugusa chochote karibu na mifuko ya hewa, na usubiri dakika kadhaa. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, usiwe ndani ya buti. Usifungue bomba la petroli la shinikizo kabla ya kulipunguza. Watoto wasicheze karibu. Barabara ya kwenda Segera ina bodaboda, mbuzi na wanafunzi, haifai kupimia kasi. Ukishamaliza kazi ya breki, zijaribu mwendo wa mtu kutembea ndani ya uwanja, kisha km 20 kwa saa, kisha 40, ndipo utoke getini.