Jinsi ya kulinganisha sera za nishati za Ulaya na Marekani ukiwa Mtwara au Lindi

Ndugu zangu, kila ikitajwa gesi yetu lazima mmoja aseme tufanye kama Ulaya na mwingine kama Marekani, sasa kabla hujabishana fanya hivi.

Anza kuuliza gesi iliyo chini ya ardhi ni ya nani. Hapa ndo penyewe. Marekani mwenye shamba anaweza kumiliki mpaka kilicho chini yake, kampuni ikichimba inamlipa mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya gesi, yeye mwenyewe, ndo sababu moja kubwa gesi ya miamba, ile iliyonaswa ndani ya mawe magumu, ilienda kasi kule Texas na Pennsylvania. Ulaya kwa kawaida ni mali ya serikali na sisi hivohivo, kwahiyo mtu wa Msimbati, kule Mtwara kwenye visima vya gesi, halipwi mrabaha hata kisima kiwe karibu na shamba lake, cha kukomalia ni halmashauri ipate ushuru wa huduma na vijana wapate kazi.

Halafu angalia hewa chafu. Umoja wa Ulaya tangu 2005 viwanda vikubwa vinahitaji vibali vya kaboni, yaani ruhusa ya kutoa hewa chafu ambayo vinaweza kuuziana sokoni, Marekani serikali kuu haina soko hilo, ilitumia unafuu wa kodi kwa nishati safi kwenye sheria ya 2022 (Inflation Reduction Act), ila akija rais mwingine mambo yanageuka.

Bei pia. Gesi ya Urusi ilipopungua 2022 viwanda vya Ujerumani viliumia sana, Marekani ikawauzia Ulaya gesi ya kimiminika, ile inayopozwa ili isafirishwe kwa meli.

Norway usiichanganye na nchi za Umoja huo, haimo kwenye Umoja wa Ulaya, na mfuko wake wa mafuta, yaani akiba ya pesa za mafuta na gesi, una sheria tangu 1990, mimi ningeanza kuusoma huo.